Kikohozi Kikikoma

Kutoka nyumbani kwa Restituta hadi zahanati ni mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza huumaliza kwa mbio moja. Asubuhi ile Restituta alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alijifanya anafunga kitenge vizuri. Mara ya pili alijifanya anakagua muhogo wa jirani. Mara ya tatu, kwenye uzio wa zahanati yenyewe, hakujifanya chochote. Alishika nguzo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akavuta hewa kwa mdomo hadi mabega yakapanda masikioni. Kijana mmoja wa bodaboda alimwangalia kwa huruma. Restituta alimtolea macho mpaka akageuka kushughulika na pikipiki yake.

Hasira alikuwa nazo tangu utotoni, na hakuwahi kuona kwa nini aziombee radhi. Ila siku hizo hata kugomba kulimshinda, maana kugomba kunataka pumzi. Anaanza kwa ukali, maneno yanamkatikia katikati, na aliyekuwa anagombezwa anapata nafasi ya kuondoka zake. Hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Tangu aolewe katika kijiji hicho, mbele kidogo ya Kidahwe kwenye barabara ya Kasulu, kazi yake ilikuwa mawese. Chikichi huchemshwa kwenye pipa tangu alfajiri, hukamuliwa kwa mashine ya mkono, kisha mafuta hurudishwa motoni yaive. Na kuni za kazi hiyo ni makapi ya chikichi zenyewe, bado yana mafuta, ambayo yakishika moto hutoa moshi mweusi mzito wa kutafuna. Banda lake lilikuwa na bati la chini kwa ajili ya mvua, kwa hiyo moshi haukuwa na pa kwenda isipokuwa kifuani kwake. Miaka thelathini na minne. Yeye na wenzake walizoea kusema moshi haujawahi kuua mtu, wakacheka, kisha wakakohoa.

Kikohozi chenyewe kilianza miaka tisa iliyopita. Daktari wa kwanza kumwona pale zahanati, Gasper, hakuinua uso kutoka mezani. Haki isemwe: alikuwa peke yake na foleni ilifika barabarani. Aliandika kikohozi, akaandika amoksilini, akaita mwingine. Baada ya miezi miwili Restituta akarudi na kikohozi kile kile, akapewa amoksilini ile ile. Gasper akahamishwa. Akaja Leodgar, mwenye sauti nzuri na kalamu nyepesi. Yeye alipima makohozi, hayakuonyesha kitu. Akapima tena, hayakuonyesha kitu. Akasema, "Mama, kwa kikohozi hiki tusibahatishe," kisha akabahatisha. Akamwanzishia dawa za kifua kikuu.

Dawa za miezi sita, zinazofanya mkojo uwe mwekundu, na zinazotaka mtu wa kusimama mbele yako akione kidonge kikipita kooni. Katika kijiji kile habari ya namna hiyo haikai siku mbili. Kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, waliokaa karibu naye walianza kugundua kwamba wamesahau kitu nje. Alimaliza dawa zote bila kuruka hata siku moja. Kikohozi kikabaki. Leodgar naye akahamishwa, na baada ya muda aliyemfuata akapiga hesabu zile zile na kumwanzishia dawa zile zile mara ya pili.

Sasa hapa lazima jambo moja lielezwe, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Zahanati ile haikuwa na faili la mtu. Mgonjwa alikuja na daftari lake, la shule, lenye picha ya twiga au ya mchezaji mpira kwenye jalada, daktari akaandika humo, na mgonjwa akarudi nalo nyumbani. Ugonjwa wako unautunza mwenyewe. Restituta alipoona maneno kifua kikuu yameandikwa kwenye daftari lake, alilifunga, akalisokomeza chini ya gunia la mise, zile kokwa za chikichi, akaenda dukani kununua jingine. Safari iliyofuata daktari alifungua ukurasa mweupe na kuona mama mwenye kikohozi cha wiki mbili. Amoksilini. Kila daftari lililochafuliwa kwa maneno yale, au hata kwa kipimo cha makohozi tu, lilifuata mwenzake chini ya gunia. Katika miaka tisa, Restituta alikuwa mgonjwa mpya mara saba.

Hayo yote angeyameza kama si Diana. Diana alikuwa mwanawe wa pekee, fundi cherehani, amepanga chumba na kibaraza mjini, pale Mwanga, karibu na soko. Alijifungua mtoto wa kike wakati mama yake yupo kwenye dawa za mara ya pili, akampa jina la mama yake. Restituta alishuka mjini na kanga mbili mpya kumwona wajina wake. Diana alimzuia mlangoni. Alilia, lakini alimzuia.

"Kikohozi kikikoma, mama, utambeba. Ninakuahidi. Kikohozi kikikoma tu."

Miaka minne na miezi mitano ilikuwa imepita. Kikohozi hakikukoma, na Restituta hakuwahi kumbeba yule mtoto hata siku moja. Alikuwa anakaa kwenye stuli kibarazani, mtoto anakaa ndani, wanaongea kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Na alikuwa na kikombe chake mle ndani, cha plastiki cha bluu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili mtu asikosee.

Kumbeba mtoto yule ndiko alikokuwa akikupigania asubuhi ile alipoachia nguzo ya uzio na kuingia ndani. Kuishi miaka mingi lilikuwa jambo la Mungu. Yeye alitaka kikohozi kikome.

Tabibu mpya aliitwa Shadia, mtu wa Tanga, mwembamba, amejitanda mtandio wa kijani, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni ambayo Restituta aliiona kama utovu wa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Keti. Usiongee kwanza. Pumua tu."

Shadia alimhesabia pumzi dakika nzima kwa saa yake ya mkononi. Akamsikiliza kifuani, akahamia mgongoni, akakaa huko muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akakuta ukurasa wa kwanza mweupe.

"Umeanza kukohoa lini?"

"Wiki mbili."

"Mama, nimekuona pale uzioni. Mtu wa wiki mbili hashiki nguzo namna ile. Daftari la zamani liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa."

"Na la kabla ya hilo?"

"Mchwa."

Shadia aliweka kalamu chini. "Mchwa wa huku ni wasomi. Tangu nifike wameshakula madaftari ya wagonjwa wangu kumi na mmoja wa kifua, na hawajagusa hata moja la presha."

Restituta alitaka kumjibu jibu la kumkalisha, lakini pumzi ilimkatalia. Shadia hakungoja. Alitoa kibomba cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi, chenye mshale pembeni, akapuliza mwenyewe kwanza, mshale ukaruka juu ya mia nne. Akabadilisha mdomo wa kibomba, akampa. Restituta alipuliza kwa hasira zake zote. Mshale ulifika mia na hamsini ukakaa. Shadia akatoboa kitako cha chupa tupu ya maji, akachomeka humo pampu ndogo ya dawa, akamwambia avute taratibu kwa mdomo wa chupa. Baada ya robo saa wakapuliza tena. Mia na sabini.

"Ulipaswa kufika mia tatu na kitu," alisema Shadia. "Unafanya kazi gani, mama?"

Miaka tisa, madaktari watatu, na hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

"Napika mawese."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Ndani ya banda?"

"Ego," alisema Restituta. Ndiyo ya Kiha ilimtoka yenyewe alipochoka. "Ndani."

"Basi huenda si kifua kikuu. Huenda hakijawahi kuwa."

"Nani kakwambia kifua kikuu?"

"Mchwa," alisema Shadia. "Alhamisi nina watu wa kifua peke yao. Presha wana siku yao, sukari wana siku yao, wajawazito wana siku yao, ila mtu wa kifua anakuja akizidiwa, anapewa vidonge, anaondoka, hakuna anayemwuliza tena. Nimechoka na hilo. Leta yote, mama. Hata yaliyoliwa."

Alhamisi mchana Restituta alisogeza gunia la mise kwa goti, akayatoa. Saba. Yalinuka mafuta, na moja lilikuwa limegandana kurasa. Aliyafunga kwa kipande cha kanga kama mtu anayebeba kitu cha aibu, akaenda nayo, akasimama mara nne njiani.

Shadia aliyapanga mezani kwa tarehe na kuanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikohozi, amoksilini. Kikohozi, amoksilini na dawa ya maji. Makohozi, hakuna vimelea. Kifua kikuu, aanze dawa. Kikohozi, amoksilini. Anabanwa akipanda mlima, amoksilini. Makohozi, hakuna vimelea. Kifua kikuu, aanze dawa. Alipomaliza la saba alikuwa na karatasi pembeni yenye vistari vya kuhesabia. Amoksilini mara kumi na nne. Makohozi yamepimwa mara tano, mara zote tano hayana kitu. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja moshi. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa arudi lini.

"Kumbe walijua," alisema Restituta.

"Waliandika. Kujua ni kitu kingine."

"Mara tano hakuna kitu, na bado wakanimezesha yale madude mwaka mzima?"

"Ndiyo. Kuna wagonjwa ambao vipimo havionyeshi na bado wanacho, ndiyo maana huwa inaruhusiwa kuanza dawa. Lakini mtu asipopona unakaa naye chini unauliza upya. Hakuna aliyekaa." Kisha Shadia akasema lililokuwa limemkaa moyoni. "Na wewe, mama, ukawasaidia. Kila aliyekaa kwenye kiti hiki alikuona mgeni. Ungeyaleta haya pamoja, hata mvivu angeona."

Damu ilimpanda Restituta. Alisimama, na safari hii pumzi ilikuwepo, sijui aliitoa wapi.

"Niliyaficha kwa sababu ya mlichoandika humo. Nyinyi mnaandika mnahamishwa. Mimi nabaki nacho hapa. Kanisani hawanipi mkono. Nina mjukuu mwenye jina langu, ana miaka minne, sijui hata ana uzito gani. Nimemwona kwa macho tu, kama picha. Kwa sababu ya moshi? Kwa sababu ya moshi wa makapi ambao mtoto mdogo angeuona juu ya banda langu akiwa barabarani?"

Shadia hakujitetea wala hakumwambia atulie. Macho yake yalikuwa mekundu, na Restituta alipoyaona alizidi kukasirika, maana hakuja pale kuliliwa.

"Yasome tena," alisema. "Nje. Kwa sauti."

"Mama, hii ni siri yako. Si sawa nikaisoma mbele za watu."

"Siri ya nani? Kuna mtu hapa hajui kwamba Restituta ana kifua kikuu? Walioambiwa uongo bure, ukweli nao wasikie bure. Usiposoma nitasoma mwenyewe, na mwandiko wenu ninavyoujua tutakesha."

Basi yakasomwa kibarazani, mbele ya benchi zima. Shadia alisoma, na kila palipotajwa amoksilini Restituta alikunja kidole, na vilipokwisha akaanza upya. Watu mwanzoni walichekacheka. Kufika daftari la nne hakuna aliyecheka. Alipofunga la saba, Skolastika, jirani yake wa mabanda, mwanamke ambaye kwa miaka saba alikuwa akimsalimia akiwa upande wa pili wa barabara, aliinamia magoti yake na kukohoa kikohozi kirefu. Kisha akasema bila kumwangalia mtu:

"Mie ninayo manne. Nimeyatia kwenye ndoo ya unga."

"Kayalete," alisema Restituta. "Na siku nyingine unisalimie ukiwa karibu."

Yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini yalikwenda. Makohozi yalipimwa mara ya sita, hakuna vimelea. Shadia aliandika barua, Restituta akateremka hospitali ya mkoa akapigwa picha ya kifua na kupuliza kwenye mashine kubwa ya kupimia pumzi, mara tatu, huku mtaalamu akimhimiza, "Toa, toa, toa yote," mpaka akaona nyota. Jibu lilirudi. Mirija ya hewa imekuwa myembamba na imekakamaa kwa moshi wa miaka mingi. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayatarudi.

"Kwa hiyo kikohozi hakikomi," alisema Restituta.

"Kitapungua. Pumzi itaongezeka kidogo, ukitoka kwenye moshi. Kukoma, hapana."

Restituta alicheka, kicheko kibaya. Miaka minne alikuwa ameambiwa asubiri kitu ambacho hakingekuja, na ugonjwa wake haukuwa na ubaya wowote kwa mtoto. Angeweza kumbeba tangu siku ile ya kwanza, na kanga zake mbili mpya.

Shadia aliandika kwenye daftari jipya, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za kusomeka na yeyote: Si kifua kikuu. Ni ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na moshi. Hauambukizi. Arudi kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, aje na pampu na chupa yake. Halafu akayashona madaftari yote manane pamoja kwa uzi wa gunia, akamwambia mchwa sasa wana kazi.

Moto ulitolewa bandani ukahamia uwanjani. Makapi yakaanza kuanikwa yakauke kwanza, na Skolastika, ambaye naye alikuwa amepewa siku yake ya kurudi, akapokezana naye kukoroga, anayekoroga akisimama upande upepo unakotoka. Hasara ya mvua waliikubali kwa matusi. Restituta aliporudi Alhamisi ya kwanza, Shadia alimwambia aonyeshe anavyotumia pampu. Akapulizia ulimi, haraka, kama anayejipaka marashi kabla ya kwenda harusini. Chupa alikuwa ameiacha nyumbani ina mafuta ya taa. Mwezi mzima wa dawa ulikuwa umeishia kinywani. Shadia hakumgombeza. Alitoboa chupa nyingine, wakafanya pamoja mara nne.

"Ndiyo maana nakuita kila mwezi," alisema. "Si kwa uzuri wako."

Mwezi wa pili mshale ulifika mia na tisini. Restituta alisimama mara moja tu njiani, tena kwa kupenda. Siku ya Jumamosi alivaa vizuri, akaweka bunda la madaftari kwenye mfuko, akashuka Mwanga.

Diana alikuwa kwenye cherehani kibarazani, anashona sare ya shule. Alinyanyuka, akamsogezea stuli mama yake, ile ile ya mbali. Restituta hakukaa. Alitoa bunda, akalibwaga juu ya sare.

"Soma."

"Nini hiki, mama?"

"Mimi hiki. Soma, anza na la mwisho."

Diana alisoma ukurasa wa herufi kubwa. Akausoma tena. Halafu akaanza kurudi nyuma, daftari moja baada ya jingine, midomo ikichezacheza bila sauti, na Restituta alimwona anapofika kwenye tarehe za mwaka ule aliojifungua. Alikuwa amejiandaa njia nzima kumpa mwanawe vidonge vyake. Alikuwa na maneno ya miaka minne. Alipomwona Diana anaweka kiganja juu ya ule ukurasa kama anayeukinga na baridi, maneno yakabaki pale pale, na hasira zikabaki nazo, hazina pa kwenda.

Ndipo mtoto akatoka ndani. Alikuwa amemsikia bibi yake, na alikuwa mtoto mwenye adabu. Alishika kikombe cha bluu chenye uzi mwekundu kwa mikono miwili, kimejaa maji, akaja nacho hadi pale sementi ya chumba inapoishia na ya kibaraza inapoanza. Akachuchumaa, akakiweka sakafuni, akakisukuma mbele kwa vidole. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama.

"Shikamoo, bibi. Maji yako."

Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa akifanya hivyo tangu ajue kutembea. Restituta alikitazama kile kikombe na alitaka kuwashika Gasper na Leodgar na yule wa tatu kwa kola, awalete pale, awaonyeshe mwandiko wao.

"Marahaba, wajina." Maneno yalimkwaruza koo, akakohoa. Mtoto akainua mkono haraka akaziba mdomo na pua, kama alivyofundishwa.

"Resti," alisema Diana kwa sauti iliyokuwa imevunjika, "nenda kwa bibi. Nenda akubebe."

Mtoto alimtazama mama yake kwa mshangao, kama mtu mzima aliyesikia upuuzi. "Lakini bado anakohoa."

"Nitakohoa mpaka nife," alisema Restituta. "Njoo hivyo hivyo."

Mtoto hakusogea. Aliendelea kumwangalia mama yake, maana sheria ilikuwa ya mama yake. Diana aliinama, akaokota kikombe cha bluu sakafuni, akanywa maji yale mbele ya mwanawe, yote, hadi kikombe kikawa kitupu. Akaukata uzi mwekundu kwa mkasi wa kushonea.

Restituta alikuwa ameshapiga magoti kwenye sementi, mikono ameinyoosha. Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akavuka kizingiti, akamjia bibi yake, mkono mmoja bado umeziba mdomo.